Jina Lipo kwenye Rejista, Video Haipo Darasani

Siku ya wasilisho letu tuliingia ukumbini watu wanne na laptopu moja, yangu. Kazi ilikuwa ya somo la teknolojia ya elimu: chukua video ya kipindi ulichofundisha ukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ihariri ibaki dakika nane, ionyeshe mbele ya wenzako, kisha ujieleze. Alama 20, nusu nzima ya zile 40 za kazi za muhula. Tulikuwa tumekesha siku mbili tukiihariri, kwa hiyo nilikuwa na amani kabisa. Nikaunganisha waya wa projekta, nikafungua projekti yetu. Likatokea dirisha dogo lenye orodha ya majina ya video zetu, na kila jina lilikuwa na alama nyekundu ya X pembeni. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Kioo kilikuwa cheusi. Mhadhiri akasubiri, kisha akauliza kwa upole unaouma kuliko ukali: "Mwalimu, video iko wapi?"

Swali zuri sana lile. Nimelijibu kwa miezi kadhaa sasa, na kwa kuwa wenzangu wa mwaka wa pili wanakwenda kwenye mazoezi mwezi wa saba na simu zao, nimeona niliandike jibu hapa kabla nao hawajaulizwa.

Video zilikuwa kwenye flashi ya mwenzetu mmoja. Tulizihamishia humo kutoka kwenye simu, tukaichomeka flashi kwenye laptopu yangu, tukaziingiza kwenye programu, tukahariri, nikahifadhi projekti kwenye laptopu. Mimi nilijua nikishahifadhi, mambo yamekwisha. Mwenzetu naye alijua hivyo hivyo. Akachomoa flashi yake, akaenda hosteli, akaifuta yote ili aweke sizoni. Mwenye simu alishazifuta zake zamani kwa sababu simu ilikuwa inalalamika imejaa. Hakuna aliyefanya uzembe. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwa kadiri alivyoelewa, na wote wanne tulielewa vibaya kitu kimoja kilekile.

Kitu chenyewe ni hiki. Unapoingiza video kwenye programu ya kuhariri, video haihami. Haiingii popote. Programu inaandika tu jina la faili na mahali lilipo: kwenye flashi, folda fulani, jina fulani. Basi. Ukiikata video vipande ishirini, programu inaandika kwamba kipande cha kwanza kinaanza dakika ya 3 mpaka ya 4, cha pili dakika ya 12 mpaka ya 13, na kadhalika. Ukihifadhi, unahifadhi hayo maandishi.

Sisi walimu tuna mfano wake tayari: rejista ya mahudhurio. Juma yumo kwenye rejista, jina lake limeandikwa vizuri kwa wino wa bluu, lakini rejista haina Juma ndani yake. Ukiibeba ukaenda nayo nyumbani hujambeba mwanafunzi hata mmoja. Asubuhi ile programu yetu iliita majina kama kawaida, na hakuna faili lililojibu "nipo".

Na dalili nilikuwa nayo mbele ya macho. Faili la projekti yetu lilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 94. Video tulizoingiza zilikuwa zaidi ya gigabaiti tano. Mtu yeyote aliyewahi kununua bando anajua kwamba gigabaiti tano hazikai ndani ya kilobaiti 94. Sikuangalia.

Sasa nieleze inavyopaswa kwenda. Nitatumia Shotcut kama mfano kwa sababu ndiyo tuliyotumia: ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaipakua, inakubali Windows, Mac na Linux, na haikuwekei nembo yake juu ya kazi yako. Ukitumia DaVinci Resolve au Kdenlive, msingi ni uleule wa rejista, ingawa vitufe vinakaa kwingine. Resolve nayo ina toleo la bure lenye mambo mengi, ila inataka kompyuta yenye nguvu. Laptopu zetu hizi za kununua mkononi zitalia. Wenye iMovie ya kwenye Mac wana nafuu kidogo, maana yenyewe inanakili video na kuziweka kwenye maktaba yake. Ndiyo maana ushauri wa mtu wa Mac unaweza kukupoteza wewe wa Windows bila yeye kukudanganya.

Kazi inaanza kabla ya kufungua programu. Unganisha simu na kompyuta kwa waya. Simu nyingi zikichomekwa zinachagua kuchaji tu, na hapo kompyuta haioni kitu. Telezesha kioo cha simu chini, bonyeza ile arifa ya USB, chagua uhamishaji wa faili. Ndipo utaona folda inayoitwa DCIM, ndani yake Camera, na video zako zimo humo. Angalia kwanza kama waya wenyewe unapitisha data. Zile nyaya za elfu moja za barabarani nyingine ni za kuchajia tu, na nimeshaona mtu akiilaumu kompyuta mchana kutwa.

Usitume kwa WhatsApp. Najua ndiyo njia ya kwanza inayokuja kichwani, lakini ukituma kama video ya kawaida inaibana ili iwe nyepesi, na ubora unaopotea hapo haurudi. Ubaoni, mahali palipokuwa na sentensi, utaona ukungu mweupe. Kama huna waya kabisa, itume kama hati badala ya video. Hapo haiguswi, na tangu 2022 hati inaruhusiwa kufika gigabaiti mbili. Lakini bando la gigabaiti mbili kwa mwanafunzi ambaye bumu halijatoka, mh, tafuta waya.

Halafu kuna suala la ukubwa, na hapa walimu tunabanwa kuliko wanaorekodi harusi. Simu ya kawaida ikirekodi kwa 1080p, fremu 30 kwa sekunde, dakika moja inakula kama megabaiti 100 hadi 150. Kipindi kimoja cha sekondari ni dakika 40. Piga hesabu: gigabaiti nne mpaka sita kwa kipindi kimoja. Sasa flashi nyingi zinatoka dukani zikiwa kwenye mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika gigabaiti nne, hata kama flashi ni ya 32 na iko tupu. Utaambiwa faili ni kubwa mno, utashangaa, utadhani flashi ni feki. Siyo feki. Dawa ni kuifomati upya kwa mfumo wa exFAT, ukikumbuka kwamba kufomati kunafuta kila kilichomo. Simu nyingine zinaliona tatizo hili mapema na kukata rekodi zenyewe ikikaribia gigabaiti nne. Ya mwenzetu ilifanya hivyo, ikatupa vipande viwili kwa kipindi kimoja. Ukikuta hivyo usidhani kipande cha pili ni nakala ya cha kwanza ukakifuta. Ni mwendelezo.

Sasa folda. Ukifungua Shotcut inakuuliza jina la projekti na mahali pa kuiweka, kisha inatengeneza folda yenye jina hilo. Watu wengi wanapita hapo haraka kama wanavyopita masharti ya matumizi. Simama. Folda hiyo ndiyo darasa lako. Funga programu kidogo, nenda kwenye folda hiyo, na ndani yake nakili kila kitu utakachotumia: video zote, sauti ulizorekodi pembeni, picha za zana zako za kufundishia, hata ule muziki wa mwanzo kama ni lazima uwepo. Vikiwa ndani ya folda ya projekti, Shotcut inaandika anwani zake kwa kuhesabu kutoka kwenye folda hiyohiyo, kwa hiyo unaweza kuihamisha folda nzima kwenda kwenye flashi, diski au kompyuta ya mwenzako, na majina yote yatajibu. Ukihamisha lile faili dogo peke yake umebeba rejista.

Kama unataka kubadilisha majina ya video, badilisha sasa, kabla ya kuingiza. Simu za Android huandika majina yenye tarehe na saa, mathalani VID_20250714_081532, yaani tarehe 14 mwezi wa saba, saa mbili na dakika kumi na tano asubuhi. Jina baya kulisoma, lakini linakuambia ni kipindi gani. Mimi siku hizi naliacha na kuongeza neno mbele: "Kid2B_usimulizi". Ukishaingiza, usiguse jina tena. Mwanafunzi akibadilisha jina katikati ya muhula bila kukuambia, utamwita mpaka ukauke koo.

Baada ya hapo ndipo unaingiza. Buruta video kutoka kwenye folda uziachie kwenye sehemu ya orodha, ile inayoandikwa Playlist. Kuna mtego hapa wa wanaoanza: ukifungua video moja kwa kitufe cha kufungua faili, inacheza kwenye kioo, unaiona, unafurahi, lakini haijaingia kwenye orodha. Ukifungua ya pili, ya kwanza inatoweka machoni. Lazima ubonyeze alama ya kujumlisha chini ya orodha ndipo iandikwe.

Mtego mwingine ni wa video ya kwanza. Ukiiacha Shotcut ijipangie yenyewe, inachukua vipimo vya projekti nzima kutoka kwenye video ya kwanza unayoiingiza. Ukianza na kile kipande mwenzako alichorekodi simu ikiwa wima, filamu yako yote itasimama wima kama mlingoti, na darasa lako litakuwa katikati dogo lenye weusi juu na chini. Anza na video ya kulala, iliyorekodiwa vizuri. Nyingine zitafuata.

Ukiingiza video ya simu, huenda programu ikatoa onyo kwamba kasi ya fremu za video hiyo inabadilikabadilika, ikuulize kama iigeuze iwe ya kuharirika. Mimi nilibonyeza hapana, nikiona ni usumbufu. Maana yake ni hii: simu inajaribu kupiga fremu 30 kila sekunde, lakini mahali penye mwanga hafifu inapunguza idadi ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha. Na darasa gani letu lina mwanga wa kutosha? Madirisha upande mmoja, taa hakuna. Programu ikihesabu fremu kana kwamba zimekaa sawasawa, polepole sauti inaachana na mdomo. Dakika ya kwanza hutagundua. Dakika ya thelathini unaonekana umefunga mdomo huku sauti yako inaendelea kufundisha. Kubali ibadilishe. Inakupa ngazi tatu za ubora. Ya chini kabisa inatosha kwa kazi zetu, maana za juu zinatengeneza mafaili makubwa kupita kiasi. Acha ifanye kazi, nenda kale.

Laptopu ikiwa nzito, video inakatakata ukiitazama, usikimbilie kununua nyingine. Kwenye mipangilio kuna kitu kinaitwa Proxy: programu inatengeneza nakala ndogo nyepesi za kuhariria, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho inarudi kwenye video zenyewe. Sisi hatukujua, tukahariri kwa kubahatisha huku picha ikiganda.

Kuhusu maabara za kompyuta, neno moja. Nyingi zimewekewa programu ya kurudisha kila kitu kilivyokuwa kompyuta ikizimwa, ili virusi visikae. Inasaidia sana, lakini ukiacha video kwenye kompyuta ya maabara, umeme ukikatika, umefuta. Fanya kazi ukiwa na folda yako kwenye diski yako.

Nilisema mwanzo kwamba alama zilikuwa 20. Tulipata 9, kwa kuonyesha kipande cha dakika tatu ambacho mwenzetu alikuwa amemtumia mama yake kwa WhatsApp ili aone mwanawe anafundisha. Ukungu mtupu, lakini ndicho kilichosalia. Alama nimeshazisamehe. Nisichokisahau ni kitu kingine kilichokuwa kwenye kile kipande cha pili cha simu.

Nilifundisha Kiswahili Kidato cha Pili kwenye shule moja ya kata mkoani Dodoma. Nyuma kabisa alikaa kijana ambaye kwa wiki tano hakuwahi kusema neno darasani. Ukimuuliza anasimama, anatazama dawati, anakaa. Siku ile ya kurekodi mada ilikuwa usimulizi wa hadithi, na sijui nini kilimpata, akanyoosha mkono. Akaja mbele akasimulia ngano ya fisi na sungura, akiigiza sauti ya fisi kwa kukwaruza koo, na darasa zima likalia kwa kicheko, na yeye akazidisha. Zilikuwa kama dakika nne. Alipomaliza alirudi kwenye dawati lake akiwa ameinamisha kichwa vilevile, lakini anacheka. Nilikuwa nimemuahidi nitamletea aone. Simu ya shuleni kwao sina kisingizio cha kuipiga.

Ndiyo maana tunarekodi. Mwaka 1963 Dwight Allen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipoanzisha ule ufundishaji mdogo tunaofanyishwa hapa chuoni, somo fupi mbele ya wanafunzi wachache, walitaka mwalimu ajione, akosolewe, kisha arudie. Somo unaweza kulirudia. Yule kijana kunyoosha mkono kwa mara ya kwanza, hapana. (Na kwa kuwa ni watoto wa watu, omba ruhusa kwa mkuu wa shule kabla ya kurekodi, na usiweke nyuso zao mitandaoni. Hilo nalo liandikwe.)

Kwa hiyo muhula huu tulipopewa kazi nyingine, nilileta jaribio ambalo kundi letu sasa linaliita la kuchomoa. Ukishaingiza video zote, kabla hujakata hata sekunde moja, hifadhi projekti na ufunge programu. Chomoa kila kitu: simu, flashi, kadi ya kumbukumbu. Nakili folda nzima ya projekti kwenye kompyuta nyingine, ya jirani yoyote yule mwenye Shotcut, uifungue kule. Cheza kila video mwanzoni, katikati na mwishoni, usiridhike na picha ya kwanza, maana faili lililonakiliwa nusu linaweza kufunguka vizuri kabisa likafia njiani. Likitokea dirisha la alama nyekundu, bonyeza mara mbili kwenye jina lililokosekana uelekeze lilipo, kisha lihamishie kwenye folda na uanze tena. Jaribio likipita, tengeneza nakala ya pili ya folda, impe mwenzako ambaye hamkai chumba kimoja. Hapo, na siyo kabla, mwenye simu anaruhusiwa kufuta.

Tulilifanya Jumamosi iliyopita kwenye laptopu ya dada mmoja wa ghorofa ya juu. Video zote nane zilifunguka. Alama nyekundu ilitokea moja tu, kwenye muziki wa mwanzo, ambao kumbe niliuburuta moja kwa moja kutoka kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Ni mimi tena. Wenzangu walinitazama tu.